Mti Ulitoka Wapi, Taka Zinakwenda Wapi? Somo kuhusu Wito wa Sanaa na Utunzaji wa Mazingira



Kila mara matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana katika parokia zetu za Dar es Salaam huja na maswali yanayofanana. Mmoja anapenda kuchora, lakini nyumbani anaambiwa kwamba sanaa haina mshahara. Mwingine anataka kusoma mambo ya mazingira. Wa tatu anawaonea uchungu watu wa mabondeni ambao nyumba zao hujaa maji kila masika, na angependa kuwatetea. Wapo pia wanaopenda yote matatu, na hao ndio wenye mashaka zaidi, kwa kuwa wanadhani ni lazima waache mawili ili wabaki na moja.

Somo hili ni kwa ajili yao, pamoja na wazazi na walezi wao. Tutaona kwamba sanaa, uendelevu na haki ya mazingira vinaweza kukaa katika maisha ya mtu mmoja bila kugombana, iwapo mtu huyo atajizoeza kuuliza swali moja mbele ya kila kitu anachokishika: kimetoka wapi, kitakwenda wapi, na ni nani anayelipa gharama yake? Tutamwangalia Mtanzania aliyeishi hivyo, kisha tutarudi hapa Mabibo.

1. Maana ya maneno tunayotumia

Sanaa ni kazi ya mikono na akili inayotengeneza kitu chenye uzuri na maana: kinyago, mchoro, wimbo, igizo, mkeka. Hapa tunaizungumzia kama kazi halisi, yenye malighafi, vifaa, wateja na njia ya kumfikia mteja.

Uendelevu ni kutumia mali ya dunia kwa kiasi ambacho hakiwanyimi watakaokuja baada yetu. Mvuvi anayeacha samaki wadogo wakue anauelewa uendelevu hata kama hajawahi kulisikia neno hilo.

Haki ya mazingira inahusu mgawanyo. Faida za maliasili zinamfikia nani? Madhara yake, yaani moshi, taka na mafuriko, yanamwangukia nani? Jiji linaweza kuwa safi katikati na chafu pembezoni. Hapo usafi upo, lakini haki haijakamilika.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi, na kwamba shida ya mazingira na shida ya jamii ni shida moja. Katika waraka huohuo, namba 215, anagusa pia uzuri: mtu asiyejifunza kusimama na kuona uzuri huishia kuviona vitu vyote kama bidhaa za kutumia na kutupa. Kwa hiyo yule kijana anayependa mambo matatu hajachanganyikiwa. Ameona uhusiano ambao wengi hawajauona.

2. Sebastian Chuwa na mti wa mpingo

Ukitoka Mabibo kwenda Mwenge hufiki mbali. Pale katika soko la vinyago utawakuta wachongaji wameketi chini, tezo mkononi, mbele yao gogo lenye ganda jeupe na moyo mweusi. Huo ndio mpingo. Ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Kutokana na mpingo Wamakonde walichonga vinyago vya ujamaa, ambavyo watu wamepandana mabegani kama ukoo mmoja, na vinyago vya shetani. Kutokana na mti huohuo, mafundi wa Ulaya hutengeneza klarineti, oboi na zumari za Waskoti. Watu wengi wanaosikiliza okestra hawajui kwamba sauti ile inapita ndani ya mti wa Lindi au Mtwara.

Tatizo ni muda. Mpingo hukua polepole sana, na huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mchongaji anahitaji kula leo, na mti wake utakuwa tayari wakati wajukuu zake ni wazee. Tena gogo likikatwa, sehemu ndogo tu ndiyo inayofaa kwa ala za muziki. Mpingo ukipungua, mchongaji hulazimika kununua kwa bei kubwa au kuchonga mti mwingine. Wapo hata wanaochukua mti mweupe, wakaupaka rangi ya viatu na kumuuzia mgeni kwa jina la mpingo. Hapo uhaba wa mti umezaa pia uongo.

Sebastian Chuwa alilitazama tatizo hili akiwa Kilimanjaro. Alikuwa mtu wa Kibosho, mtoto wa mganga wa miti shamba, na majina ya mimea na matumizi yake aliyapata kwanza kwa baba yake. Baadaye alisomea uhifadhi katika chuo cha Mweka na akafanya kazi Ngorongoro. Alianzisha vikundi vya vijana wa shule vya kutunza mazingira, na vitalu vya miche.

Filamu iliyotengenezwa kuhusu mpingo ilimwonyesha akiwa kazini, na kule Texas, Marekani, fundi wa kukereza mbao aitwaye James Harris akaiona. Harris alikuwa anautumia mpingo katika sanaa yake, na sasa akajua hatari inayoukabili mti huo. Mwaka 1996 wawili hao walianzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo. Fundi wa mbali alikusanya michango kutoka kwa wakerezaji na wanamuziki wanaoutumia mti huo, na Chuwa, akishirikiana na shule, akina mama na vikundi vya vijiji, akaotesha na kupanda. Kufikia mwaka 2004 miche ya aina mbalimbali iliyopandwa na vikundi alivyoviongoza ilikuwa imefika milioni moja. Mwaka 2002 alipata tuzo ya kimataifa ya Rolex kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 2014.

Tujifunze mambo mawili kwake. Kwanza, hakuwa mchongaji wala mwanamuziki, lakini aliihudumia sanaa kwa kuutunza mti wake. Mlango wa kuingilia katika wito huu si lazima uwe kipaji cha mikono. Pili, alipanda mti akijua kwamba hatauona ukivunwa. Wengi wetu tunapenda kupanda mti siku ya sherehe na kupiga picha, lakini mche wa mpingo unahitaji mtu wa kuumwagilia, kuulinda dhidi ya mbuzi, na kumfundisha mtoto atakayeulinda baada yake. Ndiyo maana Chuwa alikwenda shuleni.

3. Kilwa: haki kwa wanaoishi na msitu

Kupanda peke yake hakutoshi, kwa sababu mpingo mwingi haumo katika vitalu. Umo katika misitu ya asili ya kusini, karibu na vijiji vyenye kipato kidogo. Kwa miaka mingi mfanyabiashara alikuja na kibali, akakata na kuondoka, na mwanakijiji akabaki na visiki. Mtu wa namna hiyo ukimwambia alinde msitu atakuuliza: ninalinda kwa ajili ya nani?

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia nyingine. Kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji katika ardhi yake, kikauwekea mpango wa matunzo na uvunaji, na kupokea chenyewe mapato ya miti inayouzwa. Wilayani Kilwa, shirika linaloshughulikia uhifadhi wa mpingo lilisaidiana na vijiji kuifuata njia hiyo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, ambacho humhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa bila kuuharibu msitu na bila kuwadhulumu wenyeji. Ulikuwa msitu wa asili wa kwanza barani Afrika unaosimamiwa na wanavijiji kupata cheti hicho.

Angalia mpangilio wake. Wanakijiji huhesabu miti kabla ya kukata. Huweka kiwango cha kuvuna kwa mwaka ili msitu usizidiwe. Kamati ya maliasili hufanya doria. Fedha huingia katika mfuko wa kijiji, na matumizi yake hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Klarineti inayopigwa London na darasa linalojengwa Kilwa vinaweza sasa kutoka katika gogo moja, na mwanakijiji ana sababu ya kulinda gogo linalofuata.

Hapa ndipo haki inapokutana na uendelevu. Msitu unalindika pale anayeulinda anapopata sehemu yake. Ukimwachia maskini mzigo wa kulinda na tajiri faida ya kutumia, umetengeneza mpango usioweza kudumu, hata ukiuandika kwenye karatasi nzuri.

4. Hapa kwetu: taka za jiji

Sasa turudi Mabibo. Jina lenyewe ni la tunda: mabibo ni matunda yale yenye maji yanayobeba korosho. Leo ni wachache wanaoweza kukuonyesha mkorosho hapa. Tuna soko la ndizi ambalo malori hushusha mikungu usiku na mchana, tuna vyuo na hosteli, tuna viwanda, tuna Barabara ya Mandela. Na kila siku tunabaki na majani ya migomba, vikonyo, chupa za plastiki na maji machafu yanayotafuta njia kuelekea bonde la Msimbazi.

Swali la pili, taka zinakwenda wapi, lina historia katika jiji hili. Jirani zetu wa Tabata waliishi kwa miaka na dampo la jiji, pamoja na moshi, harufu na nzi wake. Mwaka 1988 baadhi yao walikwenda Mahakama Kuu. Jiji liliamriwa kuacha kutupa taka pale, lakini likawa linaomba kuongezewa muda, mara baada ya mara. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda tena. Alieleza kwamba kuwaweka watu katika moshi na uchafu wa namna ile ni kuhatarisha haki yao ya kuishi, inayolindwa na ibara ya 14 ya Katiba, na kwamba mamlaka ya umma haina ruhusa ya kuchafua. Hukumu hiyo bado inasomwa na wanafunzi wa sheria.

Lakini taka hazikutoweka. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa kule nao wakaenda mahakamani. Baadaye zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila dampo lilipofungwa, mtaa mwingine ulipokea. Hukumu ilimwokoa jirani mmoja, na mzigo ukahamia kwa mwingine. Ni kwa sababu hiyo sheria inahitaji wenzake wawili. Inahitaji mtu wa uendelevu atakayepunguza taka tangu zinapoanzia, pale sokoni na jikoni. Na inahitaji msanii atakayeufanya mtaa uione habari ambayo umezoea kuipita.

Kazi hii ya msanii ina mifano nchini mwetu. Miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa za maonyesho na wananchi wa Malya, kanda ya ziwa. Wananchi wenyewe walichunguza matatizo yao, wakayatungia igizo na ngoma, wakacheza mbele ya wenzao, kisha wakakaa kujadili hatua za kuchukua. Njia hiyo ingefaa sana katika mitaa yetu ya bondeni. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, baadhi ya familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na jirani zao na mahali walipopata riziki. Wengi waliwasemea watu hao. Igizo la namna ya Malya lingewapa nafasi ya kusema wenyewe: maji yalipanda kutoka wapi, mfereji uliziba lini, na mtu akihamishwa anahitaji nini zaidi ya kiwanja.

Kuna pia sanaa inayotumia kilichopo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai la mchoraji wala rangi za dukani za wasanii. Alitumia vibao vya ujenzi na rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, na kutokana na hivyo ikazaliwa aina ya uchoraji inayojulikana duniani kwa jina lake. Hata hapo swali letu linaendelea: kopo la rangi likiisha linatupwa wapi? Kutengeneza pambo kwa chupa kuukuu ni jambo jema, lakini likiishia kuwa pambo tu, mtaa wa dampo haujapata nafuu.

5. Bezaleli na neno “inatosha”

Katika Maandiko, fundi wa kwanza ambaye Mungu anasema amemwita kwa jina na kumjaza Roho kwa ajili ya kazi ya mikono ni Bezaleli, wa kabila la Yuda (Kut 31:1-5). Alipewa ujuzi wa dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao, ili aitengeneze Hema ya kukutania. Vijana wanaoambiwa kwamba sanaa ni mchezo wausome mlango huo.

Mara nyingi tunaishia hapo. Tuendelee hadi Kut 36:3-7. Watu walikuwa wanaleta michango kila asubuhi, na mafundi wakaacha kazi yao, wakamwendea Musa na kumweleza kwamba vitu vinavyoletwa vimezidi mahitaji ya kazi. Musa akatangaza kambini kwamba mtu yeyote asilete zaidi, na watu wakazuiwa. Mafundi ndio waliosema inatosha. Walijua kipimo cha kazi yao, na hawakuona aibu kukataa ziada, ijapokuwa ilikuwa kwa ajili ya nyumba ya Mungu.

Tuna la kujiuliza hapa kama Kanisa. Tunapojenga makanisa, tunapopamba altare, tunapoandaa jubilei za parokia, fundi anayesema inatosha anasikilizwa? Mabango ya plastiki ya sherehe ya Jumapili yanakwenda wapi Jumatatu? Mbao za mabenchi yetu zilikatwa kwa kibali cha kijiji gani? Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua tarehe 4 Aprili 1999 akiwaeleza kwamba kazi yao ni wito. Wito huo unadai unyofu pia kuhusu malighafi.

6. Hatua kwa kijana na mzazi

Kwanza, ijue malighafi yako. Ukichonga, jifunze majina ya miti na mahali inapoota. Ukishona, jua kitambaa kimetoka wapi. Ukipiga muziki, jua ala yako imetengenezwa kwa nini. Elimu hii huanzia kwa wazee, kama Chuwa alivyoanzia kwa baba yake.

Pili, soma. Kwa upande wa misitu kuna Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kwa usafi na uhandisi wa mazingira kuna Chuo Kikuu Ardhi. Kwa sanaa kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huhitaji kusoma kote. Chagua mlango mmoja, uingie kwa bidii, na uwe na marafiki walioingia kwa milango mingine.

Tatu, ijue sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuidai. Hudhuria mkutano wa serikali ya mtaa kabla hujachora bango la kuilaumu.

Nne, weka hesabu. Wazazi wanaohofia kipato wana hoja, na tusiwadanganye. Kipato cha sanaa hupanda na kushuka, na wengi huanza wakiwa na kazi nyingine. George Lilanga, ambaye michoro na vinyago vyake vilionyeshwa hadi Ulaya na Marekani, alianza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam, mahali palipoanzishwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll ili vijana wasio na ajira wapate kazi ya mikono. Sista aliona uzuri na riziki kuwa ni jambo moja. Mzazi aseme: mwanangu, nakuunga mkono, lakini nionyeshe daftari lako la mapato na matumizi. Na kijana alionyeshe bila kukasirika.

Tano, anzeni pamoja. Kikundi cha VIWAWA au TYCS kinaweza kuchukua jambo moja tu, mfano majani na vikonyo vya soko la ndizi, kikafuata safari yake tangu lorini hadi dampo, kikaona yanaweza kuwa mboji ya nani, kisha kikaitungia jumuiya igizo la nusu saa. Hapo sanaa, uendelevu na haki vitakuwa vimekutana katika kazi moja ndogo, na mtajua ni nani kati yenu ana wito wa kuendelea.

Maswali ya tafakari na majadiliano

1. Chagua kitu kimoja cha mbao katika kanisa au nyumba yako. Unaweza kueleza kilitoka msitu upi na nani alinufaika?
2. Taka za mtaa wako zinaishia wapi? Watu wanaoishi hapo mmewahi kuwatembelea?
3. Katika Kut 36, mafundi ndio waliosema vitu vimezidi. Katika parokia yako, nani ana nafasi ya kusema hivyo?
4. Chuwa alipanda miti ambayo hangeiona ikivunwa. Ni kazi gani unayoifanya sasa kwa ajili ya watu ambao hutawaona?